Sanduku la gololi linalokata njiani

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni wa Milimani, Kisumu, ila kazi yangu iko Uingereza, na huko wikendi hucheza easofti, ule mchezo wa kuviziana msituni kwa bunduki za gololi za plastiki. Nina bunduki ya msaada, yaani ya kupiga mfululizo, mfano wa rashasha ya jeshi ya M249. Sanduku lake huingia gololi 2,400 na lina kimota chake, lakini nikibana kifyatulio zinatoka sita au saba, kisha inapiga hewa, kisha zinatoka tena. Mara nyingine zinatoka mbili kwa mpigo. Bunduki nimeiacha Uingereza, sanduku nimekuja nalo likizoni ili nilitengeneze upya. Fundi mmoja wa Kibuye ananishauri tufunge mota ya waipa ya Probox. Nina wiki tatu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na ulilofanya vizuri bila mimi kukuambia: kuiacha bunduki huko. Kwenye sheria zetu bunduki, na hata mifano ya bunduki, si jambo la kufanyia mzaha, na ungetaka kuileta ilibidi uanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujakata tiketi. Askari wa zamu pale Kondele hana namna ya kujua kwamba ndani mna vidude vya plastiki vya gramu 0.28. Yeye anaona M249. Kwa hiyo tuzungumze juu ya sanduku peke yake, nalo ni hopa, yaani chombo cha kumiminia na kushushia vitu, yenye kigurudumu na kimota. Vitu hivyo ndivyo nimekula navyo ugali hapa Nakuru miaka mingi, maana planta ya mahindi na hopa ya posho mill zina ugonjwa uleule wa sanduku lako.

Dalili zako mbili unazichukulia kama magonjwa mawili. Ni moja. Fikiri bunduki inavyokula. Bunduki yako ya umeme hupiga kama mara 20 kwa sekunde, yaani kila mpigo una milisekunde 50. Katika hizo 50, nozeli inayosukuma gololi ndani ya mtutu hurudi nyuma na kuacha mlango wazi kwa muda mfupi tu, tuseme milisekunde 15. Hapo ndipo gololi inayofuata lazima ijongee milimita 6 na kukaa mahali pake. Nayo haijongei peke yake. Nyuma yake ziko nyingine zimepangana ndani ya bomba mpaka sandukuni. Bomba la sentimita 35 hubeba karibu gololi 60, na kwa gramu 0.28 kila moja huo ni msururu wa gramu 17. Kuusukuma msururu huo milimita 6 ndani ya milisekunde 15 kunahitaji nguvu kama ya uzito wa gramu 90, kabla hujahesabu msuguano wa bomba. Weka msuguano, utafika gramu 200 hivi.

Gramu 200 si kitu, utasema, kidole cha mtoto kinazo. Kweli. Shida ni kwamba nguvu hiyo iwepo kila wakati, na iwe ileile. Mota yako haiwezi kazi hiyo. Kwenye masanduku mengi ya namna hii mota husubiri kuambiwa na kitu fulani, iwe kidude kinachosikia mlio au swichi unayobana kwa mkono, ndipo iamke. Mpaka iamke na kuzungusha gia zake, bunduki imeshakula gololi zilizokuwa zimebanwa mbele. Hizo ndizo sita saba zako. Msururu unalegea, nozeli inarudi na kukuta pengo, unapiga hewa. Sasa mota imeamka na inakimbia. Unaachia kifyatulio, nayo bado inakimbia, inashindilia gololi mpaka haziendi tena. Ukibana upya, ile ya mbele imesukumwa kwa nguvu mno, inapenya raba ya hopu, ile inayoishika gololi mwanzoni mwa mtutu, kabla ya wakati na mwenzake anaifuata nyuma. Mbili kwa mpigo. Basi unaona ni mota hiyohiyo: ikichelewa unapata hewa, ikipitiliza unapata mapacha.

Ndiyo maana ushauri wa waipa unanitia wasiwasi, ingawa huyo fundi wa Kibuye usimdharau. Amewaza kwamba kinachokosekana ni nguvu, na mota ya waipa inayo ya kumwaga. Lakini inazunguka polepole, mara arobaini na kitu hadi sitini na kitu kwa dakika kutegemea spidi uliyochagua, na ni nzito kama kilo ya sukari. Kwa kigurudumu cha vishimo 12, mizunguko 60 kwa dakika ni gololi 12 kwa sekunde. Bunduki inataka 20. Utakuwa umefunga tingatinga kwenye baiskeli na bado baiskeli inachelewa. Tena siku gololi moja itakapokwama, mota hiyo haitasimama kuuliza: itaisaga. Kitu kimoja ndani yake nakipenda lakini, nitakirudia.

Nijuaje kwamba itaisaga? Niliwahi kuisaga mwenyewe. Sanduku la kwanza kutengeneza lilikuwa la kijana wa Kakamega ambaye naye anaishi ng'ambo. Nilifunga mota ya drili ya betri moja kwa moja kwenye kigurudumu cha alumini, nikaona nimemaliza kazi. Kwenye benchi lilimwaga gololi kama mvua ya mawe. Alipolifunga kwenye bunduki yake huko, akanipigia: raba ya hopu imechanika, na bomba limejaa unga mweupe. Ule unga ulikuwa gololi. Nilimrudishia pesa yake, na ile mota ya drili mpaka leo inazungusha kinu changu cha kunolea visu. Tangu hapo nina kanuni moja ambayo ndiyo jibu langu kwako: mota ijaze springi, na springi ndiyo isukume gololi.

Springi haihitaji kuamka. Ukiiachia milimita moja inasukuma milimita moja, hapo hapo, na nguvu yake unaipima kwa mizani kabla hujafunga kifuniko. Wajapani waliobuni mchezo huu walilijua hilo mapema. Kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki yake ya kwanza ya umeme mwaka 1991, na magazini nyingi za bunduki za aina hiyo, zile kubwa za kutia ufunguo kwa kidole, ni springi iliyojikunja inayozungusha kigurudumu. Unajaza springi kwa dole gumba, springi inahangaika na gololi. Wewe unachotaka ni kulipumzisha dole gumba.

Njia yangu ya kuweka springi katikati niliipata kanisani, usicheke. Shemeji zangu ni wa Vihiga, na ukienda kule Jumapili utakuta bendi ya Jeshi la Wokovu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mpiga tromboni. Ile tromboni ina bomba la umbo la U linaloteleza juu ya mabomba mawili yaliyonyooka: akilisukuma mbele njia ya hewa inarefuka, akilivuta inafupika. Nikajiuliza, je, kama ndani ya bomba lile mngekuwa na gololi badala ya pumzi?

Basi fanya hivi. Kati ya kigurudumu na bomba la kwenda kwenye bunduki, weka tromboni ndogo. Mabomba mawili mafupi yaliyonyooka yasimame sambamba, yamefungwa kwenye ukuta wa sanduku. Juu yake liteleze bomba la U. Gololi zinapanda kwa bomba la kwanza, zinazunguka kona, zinashuka kwa la pili na kwenda zao. Kigurudumu kikizileta nyingi kuliko bunduki inavyokula, zinalisukuma lile U kwenda nje. Springi inalivuta kurudi ndani. Likisogea milimita 12, njia imerefuka milimita 24, kwa sababu mabomba ni mawili, na hapo una akiba ya gololi 4 zilizobanwa na springi, tayari kuondoka. Kwa gololi 20 kwa sekunde, akiba hiyo ni sehemu ya tano ya sekunde. Kimota kidogo huamka chini ya sehemu ya kumi. Umeona hesabu inavyokaa? Gololi nne zinatosha, usijitese kutengeneza tromboni ya kweli.

Nguvu ya springi pima kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, na Kisumu huwezi kuikosa. Kwa kuwa gololi zinalisukuma U kwa miguu yake yote miwili, springi inatakiwa kuvuta mara mbili ya unachotaka ndani ya bomba. Ukitaka gramu 200 kwenye msururu, springi ivute gramu 400 ikiwa katikati ya mwendo wake. Chagua springi ndefu na laini uivute kidogo, usichague fupi na ngumu, kwa maana fupi itavuta gramu 200 mwanzoni na 700 mwishoni, na shida ya mapacha itarudi kwa mlango wa nyuma. Mimi hutumia springi mbili nyembamba kutoka kwenye printa mbovu, moja kila upande wa U, ili lisiteleze likiwa limepinda.

Bomba la kuteleza lina sehemu moja ya ujanja. Bomba la ndani likiwa na tundu la milimita 6.5 na unene wa nje wa 8, la nje litakuwa na tundu la 8 na ushee. Gololi ni milimita 5.95. Inapotoka kwenye bomba jembamba kuingia pana haina neno. Inaporudi kutoka pana kuingia jembamba, hapo kuna ukingo, na ukingo ule utaishika. Chukua drili ya milimita 10, izungushe kwa mkono mdomoni mwa lile bomba jembamba upande wa kurudi mpaka mdomo uwe kama faneli, kisha pitisha msasa mwembamba. Dakika tano hizo zitakuokoa wiki nzima ya kulaani. Bomba la shaba nyembamba ni zuri zaidi ya plastiki hapa, na mafundi wa friji wanalo la kila saizi. Pinda U kwa upana usiopungua milimita 50 kati ya mguu na mguu, ukiwa umejaza mchanga mkavu ndani ili lisibonyee. Kisha lioshe hasa. Punje moja ya mchanga wa Dunga ndani ya mtutu wako na utanikumbuka kwa ubaya.

Sasa kigurudumu, na hapa nivumilie kidogo maana ndipo nilipo nyumbani. Wakulima wa Njoro na Molo wananiletea planta kila Februari, wakilia kwamba mahindi yanaanguka mbili hapa, hamna pale. Ndani ya planta kuna sahani yenye vishimo. Kila kishimo kinatakiwa kubeba punje moja. Punje ya pili ikipanda juu ya ya kwanza, lazima kitu kiifagie kabla sahani haijafika kwenye tundu la kudondoshea. Planta nzuri ina brashi kwa kazi hiyo. Planta mbovu ina kipande cha chuma, na chuma hukata mahindi. Gololi ni rahisi kuliko mahindi kwa sababu zote ni duara na saizi moja, ila zina ubaya wake: haziminyiki.

Tengeneza kigurudumu chenye vishimo 12. Ukiacha milimita 7.5 kutoka katikati ya kishimo hadi katikati ya kingine, mzingo unakuwa milimita 90, yaani kigurudumu cha kipenyo cha karibu milimita 29 ukipimia mahali gololi zinapokaa. Unene wake milimita 7. Kishimo kiwe nusu duara ya milimita 6.5. Malighafi bora niliyopata si alumini, ni kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga, kile kizito chenye kuteleza, cha supamaketi yoyote. Kinakatika kwa msumeno mwembamba, kinapigwa drili safi, na gololi hazikikwaruzi. Toboa matundu 12 ya milimita 6.5 kwenye mduara kwanza, ndipo ukate ukingo wa nje kupita katikati yake. Ukianza kukata duara halafu utoboe nusu matundu, drili itakimbia.

Mahali kigurudumu kinapokabidhi gololi kwa bomba, pale kooni, ndipo ajali zote hutokea. Gololi mbili zikitaka kuingia koo moja, meno ya kigurudumu upande huu na ukingo wa koo upande ule vinakuwa mkasi. Dawa ni mbili na ziweke zote. Kwanza brashi: kata kichwa cha mswaki wa nywele laini, ukifunge kabla ya koo kikifagia sehemu ya juu ya kigurudumu. Pili, ukuta mmoja wa koo usiwe mgumu. Uwe ulimi wa chuma chembamba unaorudi nyuma ukibanwa, na utepe wa futi ya chuma ya fundi seremala, sentimita 4 tu, ni ulimi wa bei nafuu usioisha ujana. Gololi ikibanwa vibaya ulimi unafunguka, gololi inaruka kurudi kwenye hopa, kazi inaendelea.

Kwenye hopa yenyewe kuna jambo lililokuwa likinishangaza mpaka nilipolifananisha na posho mill. Umewahi kumwona mwenye kinu anavyogonga hopa kwa ngumi? Mahindi yamejaa mpaka juu, lakini chini hayashuki. Punje zimeshikana mabega na kujenga tao, kama tao la daraja, na tao linabeba mzigo wote wa juu. Kwa vitu vya duara tao hujengeka kwa urahisi tundu likiwa dogo, na linakuwa nadra tundu likizidi kama mara tano ya upana wa kitu. Kwa gololi ya milimita 6 hiyo ni milimita 30. Wewe unataka zipite moja moja, kwa hiyo huwezi kuwa na tundu la 30. Lazima pawe na kitu kinachovunja tao bila kukoma, na kitu hicho kiwe kigurudumu chenyewe. Kiweke wazi ndani ya sakafu ya hopa, kikiwa kimeinama kama nyuzi 35, ili nusu yake ya chini izame kwenye gololi na nusu ya juu itoke. Kisha funga kwenye mhimili wake waya laini wa milimita 1 uliopindwa kama mkia wa mbuzi, usimame ndani ya lundo. Kila kigurudumu kinapozunguka, mkia unakoroga. Sanduku nililorekebisha kwa njia hii halijawahi kuhitaji ngumi.

Sakafu ya hopa iteremke kuelekea kwenye kigurudumu kutoka pande zote, ikate kona. Sanduku la mraba lenye sakafu bapa hubakiza gololi mia mbili tatu pembeni ambazo utazibeba mchezo mzima kama ushuru. Na uelewe jambo hili: ukilala ubavu msituni kigurudumu hakitapata kitu mpaka uinuke, na utabaki na gololi zilizo bombani tu. Sanduku linaloning'inia chini ya bunduki limeumbwa hivyo, sijaona dawa isiyo mbaya kuliko ugonjwa.

Usipake mafuta. Najua mkono utakuwasha. Mafuta yoyote utakayotia kwenye kigurudumu au bomba yatasafiri na gololi hadi kwenye raba ya hopu, na raba ile kazi yake ni kushika mgongo wa gololi iondoke ikijizungusha kinyumenyume. Mzunguko huo ndio unaoibeba angani mbali. Ikipata mafuta haishiki, na gololi zako zitaanguka kama mapera. Mabomba yawe makavu, safi, laini. Unyevu nao uutazame ikiwa unatumia zile gololi za kuoza zenyewe. Usiziache wazi Kisumu wiki tatu halafu uzirudishe kwenye mtutu. Za majaribio ziwe za kawaida, mfuko mmoja, na ukimaliza hapa wape watoto wachezee bao.

Bomba la kutoka kwenye tromboni hadi kwenye bunduki lifanye fupi na lisilo na kona nyingi. Kila kona inakula nguvu, na inakula kwa kuzidisha. Hata kwa plastiki laini, zamu ya nusu duara inaondoa karibu nusu ya msukumo, na mzunguko mzima unaondoa zaidi ya theluthi mbili. Nimeona watu wanakunja bomba kama nyoka ndani ya sanduku ili kupata akiba zaidi, kisha wanaongeza springi ngumu kulipa deni la kona. Wewe una tromboni, kona moja inatosha.

Nirudi kwa mota, kama nilivyoahidi. Kitu ninachokipenda ndani ya mota ya waipa ni gia yake ya skrubu. Gia ya namna hiyo mota inaweza kuzungusha mhimili, lakini mhimili hauwezi kuzungusha mota. Ndicho unachohitaji: mota ikisimama, springi ya tromboni inasukuma gololi nyuma pia, na kigurudumu kisipozuiliwa kitageuka kinyume na kurudisha akiba yote kwenye hopa. Kwa hiyo mwambie fundi wako alikuwa nusu sahihi. Tafuta mota ndogo ya volti 12 yenye gia ya skrubu, ya mizunguko 150 kwa dakika. Wauzaji wa vipuri vya elektroniki wanazo, na ni nyepesi kiasi cha kukaa kiganjani. Vishimo 12 mara mizunguko 150 ni gololi 30 kwa sekunde ikiwa haina mzigo, na ikishuka kidogo kwa mzigo na kwa betri ya volti 11.1 bado inaizidi bunduki. Ziada hiyo si anasa. Mota ikiwa na kasi sawasawa na bunduki, akiba ikishaliwa mara moja hairudi tena mpaka uachie kifyatulio. Ukikosa ya skrubu, tumia mota yoyote ya gia ya kasi hiyo na uweke ulimi mwingine wa futi kwenye meno ya kigurudumu, unaoruhusu kwenda mbele na kukataa kurudi.

Umeme wake ni wa darasa la kwanza. Hakuna kompyuta, hakuna kusikiliza mlio. Betri, fyuzi, swichi kuu ya kuwasha, kisha swichi ndogo yenye ulimi, kisha mota. Ile swichi ndogo ing'oe kwenye mlango wa maikrowevu iliyokufa, huwa kuna mbili au tatu. Tumia miguu yake ile ambayo umeme unapita ikiwa haijabonyezwa. Iweke mahali ambapo U la tromboni likifika mwisho wa mwendo wake litaibonyeza, umeme unakatika, mota inasimama. Bunduki ikila gololi moja, U linarudi milimita 3, ulimi unaachia, mota inaamka huku gololi tatu bado ziko kwenye akiba. Bunduki na sanduku havihitaji waya wa kuongea. Funga diodi moja ya 1N4007, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na mota, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili cheche isile midomo ya swichi. Fyuzi chagua baada ya kupima kwa mita mota inavyokula ikiwa kazini, kisha panda juu kidogo tu. Fyuzi kubwa ni sawa na kutokuwa nayo, na betri hizi za litiamu hazina huruma.

Kwa kuwa bunduki haiko hapa, jaribu hivi. Jaza gololi 500, weka mdomo wa bomba kwenye ndoo, washa, na mwenzako ashike saa: zikitoka 200 kwa sekunde 7 hadi 9 umepita. Halafu ziba mdomo kwa kidole. Mota lazima ijaze tromboni na kunyamaza. Isiponyamaza, swichi iko mbali. Ikinyamaza kisha ikawa inaguna kila baada ya sekunde chache wakati kidole hakijasogea, kigurudumu kinarudi nyuma, tazama ulimi au gia. Kisha achia gololi moja moja kwa kidole, haraka kadiri unavyoweza, huku simu ikirekodi mwendo wa polepole kwenye lile U. Simu ya picha 240 kwa sekunde itakupa picha 12 kwa kila mpigo wa bunduki, za kutosha kuona kama U linashuka na kupanda vizuri au linaning'inia upande mmoja. Mwisho litikise sanduku zima, ligeuze, lipige kwa goti, rudia kuhesabu. Ukipata gololi zenye alama ya jino, ulimi wa kooni ni mgumu, uchonge uwe mwembamba.

Sanduku hili halitabadilisha nguvu ya bunduki yako hata kidogo, kwa hiyo kiwango cha Uingereza cha joule 1.3 kwa bunduki za kupiga mfululizo, kilichowekwa na sheria yao ya 2017, kinabaki suala la springi ya bunduki. Lakini pima tena ukifika, kwenye viwanja vyenu huwa wanapima.

Kuhusu kurudi nalo: usilipake rangi ya jeshi ukiwa huku. Liache na rangi ya kibao cha mboga. Lifungue vipande, mota na kigurudumu vionekane, hopa iwe tupu, na picha za hatua zako za ujenzi ziwe kwenye simu. Betri itoe, ifunike ncha zake kwa utepe, uibebe mkononi ndani ya ndege. Ya volti 11.1 na ampea-saa 1 ni wati-saa 11, mbali kabisa na wati-saa 100 ambazo mashirika ya ndege huruhusu bila maswali. Ukipita Nakuru kwenda Nairobi shuka dakika kumi, nina zile ndimi za futi zimeshakatwa na brashi mbili za ziada, na ningependa kuliona hilo U likicheza.